Ujamaa upi? Mabishano ya mjini yaliyobaki nje ya Bunge

Leo tuache kidogo habari za wiki, tuzungumze historia. Najua wengine mkisikia neno hilo mnamkumbuka mwalimu wa kidato cha pili na sababu zake tano za hiki na matokeo sita ya kile. Vumilieni. Hii ni ya hapa hapa mjini, na majina yake mnayapita kila siku mkiwa kwenye daladala.

Ukimuuliza kijana wa Bongo ujamaa ulikuwa nini, jibu lake huwa fupi: Nyerere, vijiji, foleni ya sukari, basi. Jibu hilo lina ukweli wake, lakini lina kasoro moja kubwa. Linafanya ujamaa uonekane kuwa wazo la mtu mmoja, lililotangazwa siku moja kule Arusha, nchi nzima ikapiga makofi, kisha likafa lenyewe kwa uzee. Mimi nasema haikuwa hivyo. Palikuwa na ujamaa zaidi ya mmoja. Palikuwa na watu waliouamini kuliko hata serikali, wakabishana kuhusu maana yake, na karibu wote walifungwa midomo na dola iliyojiita ya kijamaa. Kwangu hiyo ndiyo sehemu ya hadithi inayotuhusu hadi leo.

Kwanza tukumbushane kuhusu Bunge lenyewe. Mwaka 1965 katiba ya muda iliifanya nchi kuwa ya chama kimoja, TANU huku Bara na ASP kule Zanzibar. Uchaguzi ulikuwepo, tena mkali. Mgombea mmoja alipewa alama ya jembe, mwenzake nyumba, na mwaka huo hata mawaziri waliangushwa. Lakini jembe lilikuwa la TANU na nyumba ilikuwa ya TANU. Mgombea hakuruhusiwa kuja na sera yake. Kwa hiyo swali la "ujamaa upi" halikuwa na mlango wa kuingilia bungeni. Lilibaki mitaani, kwenye ofisi za wakimbizi, viwandani na Mlimani.

Tuanzie Mtaa wa Lumumba, pembeni mwa Kariakoo. Zamani uliitwa New Street, na hapo ndipo TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954. Tusisahau kwamba siasa za Kariakoo zilikuwa na mizizi kabla ya hapo. Makuli wa bandarini waligoma mwaka 1939, wakagoma tena mwaka 1947, na mgomo huo wa pili ukasambaa nje ya bandari. Abdulwahid Sykes, mmoja wa waasisi wa TANU, aliwahi kuwa katibu wa chama cha makuli, na miaka ya 1950 alikuwa mkuu wa soko la Kariakoo. Maana yake nini? Maana yake kabla kitabu chochote cha ujamaa hakijachapishwa hapa, watu wa mji huu walikwishajua kukusanyika, kuchangishana na kumwambia tajiri kuwa leo meli haipakuliwi.

Ujamaa wa Lumumba ulipata maandishi yake Aprili 1962, pale Mwalimu alipotoa kijitabu kuhusu misingi ya ujamaa wa Kiafrika. Hoja yake ilikuwa kwamba ujamaa ni moyo, ni namna ya mtu kuwatazama wenzake. Alisema Afrika ya asili haikuwa na matabaka, hivyo hatuhitaji vita vya matabaka ili kuufikia ujamaa, tunahitaji kurudi kwenye undugu wetu na kuupanua. Ni wazo zuri, na hadi leo tunaitana "ndugu" kwenye mikutano kwa sababu yake. Lakini lilikuwa na mtego ndani. Kama nchi ni familia moja, mtoto anayebishana na baba anaitwaje? Anaitwa mtovu wa adabu. Hawezi kuitwa mpinzani.

Wa kwanza kuuonja mtego huo walikuwa wafanyakazi. Shirikisho lao, TFL, lilikuwa na nguvu na lilitaka kubaki huru. Januari 1964 wanajeshi wa kambi ya Colito waliasi, na baada ya maasi kuzimwa viongozi wengi wa vyama vya wafanyakazi walikamatwa. Kabla mwaka haujaisha TFL ilivunjwa, ikaundwa NUTA, jumuiya moja iliyo chini ya mbawa za chama, na katibu mkuu wake akawa anateuliwa na Rais. Ujamaa wa makuli ukaingizwa ndani ya ujamaa wa Lumumba.

Mwaka huo huo ujamaa mwingine ulivuka bahari kutoka Unguja. Abdulrahman Mohamed Babu aliondoka chama cha ZNP mwaka 1963 akaanzisha Umma Party, chama cha vijana, wanafunzi na wafanyakazi waliokuwa wakisoma Marx na kutazama China. Serikali ilikipiga marufuku siku chache kabla ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964. Baada ya Mapinduzi Umma ikajiunga na ASP, na baada ya Muungano wa tarehe 26 Aprili, Babu akaja Dar es Salaam kuwa waziri. Yeye hakukubali kabisa habari ya ujamaa wa moyo. Kwake suala lilikuwa uzalishaji: nani anamiliki, tunazalisha nini, tunamuuzia nani. Alisema nchi inayoendelea kuuza katani na karafuu ili inunue kila kitu kutoka nje haijajitegemea, hata ikiimba vipi. Februari 1972 aliondolewa kwenye baraza la mawaziri. Aprili 7 mwaka huo Karume aliuawa, Babu akakamatwa na kuwekwa kizuizini Bara hadi 1978. Alipotoka alihamia ng'ambo, na mwaka 1981 akachapisha kitabu ambacho jina lake tu ni swali: ujamaa wa Kiafrika, au Afrika ya kijamaa? Alifariki London mwaka 1996.

Sasa twende Mtaa wa Nkrumah, ule unaotoka Mnara wa Saa kuelekea Gerezani. Kuanzia 1963 Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU, kwa hiyo kila chama cha wapigania uhuru kilitaka kuwa na chumba hapa. Walikuwepo FRELIMO, ANC na PAC za Afrika Kusini, MPLA, SWAPO, ZAPU na ZANU. Tunapenda kusimulia habari zao kama vile wote walikuwa kitu kimoja. Wapi! ANC na ZAPU walikuwa karibu na Moscow, PAC na ZANU wakaegemea Beijing, na ugomvi wa Warusi na Wachina ukawa unaendelea hapa kwetu, kwenye vyumba vya kupanga. Che Guevara alipita Februari 1965 akakutana na viongozi wa vyama hivyo. Katika kumbukumbu zake hakuficha kwamba baadhi yao walimkera: waliishi vizuri mjini, wakaomba fedha na mafunzo ya nje, ilhali vita viko porini.

Mfano wa FRELIMO ndio unaofundisha zaidi. Ilizaliwa hapa Dar Juni 1962. Mwishoni mwa miaka ya 1960 chama kilipata maeneo yaliyokombolewa ndani ya Msumbiji, na papo hapo swali likazuka: maduka na mashamba ya huko ni ya nani? Lazaro Nkavandame, kiongozi wa Cabo Delgado, alilaumiwa na wenzake kwamba anageuza biashara ya wananchi kuwa mradi wake. Wao walisema hawakuchukua bunduki ili kumwondoa Mreno na kumweka mfanyabiashara mweusi. Mei 1968 ofisi ya FRELIMO hapa mjini ilivamiwa. Tarehe 3 Februari 1969 Eduardo Mondlane, rais wa chama, alifungua kifurushi chenye kitabu kwenye nyumba moja Oysterbay, bomu likamuua. Mwaka huo huo Nkavandame alikwenda kwa Wareno. Kwa hiyo wale waliodhani mabishano ya itikadi ni porojo za wasomi, wakumbuke kwamba hapa Dar watu walikufa ndani ya mabishano hayo. Kundi la Samora Machel ndilo lililoshinda, na leo barabara kuu ya katikati ya mji ina jina lake.

Mabishano hayo yalipanda hadi Mlimani. Mwaka 1967 wanafunzi wa Chuo Kikuu walianzisha USARF, umoja wa kimapinduzi wa wanafunzi wa Kiafrika. Mwenyekiti wake alikuwa kijana wa Uganda aitwaye Yoweri Museveni. Walikuwa na madarasa ya itikadi kila Jumapili, wakati wenzao wako kanisani au wamelala. Mwaka 1968 Museveni na wenzake wachache walikwenda kuona maeneo ya FRELIMO ndani ya Msumbiji. Mwaka huo pia waliivuruga siku ile wanafunzi walipovaa matambara na kupita mjini wakichangisha fedha za maskini. USARF waliona huo ni mzaha: mtu anayesomeshwa kwa jasho la mkulima anajivika umaskini wa yule mkulima kwa siku moja, huku anacheka. Wakatoa upepo kwenye matairi ya magari.

Novemba 1969 wakatoa jarida lao, Cheche. Wahariri walikuwa Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji. Mwezi uliofuata Walter Rodney, mwalimu wa historia kutoka Guyana, alitoa hotuba kwenye semina ya vijana akizungumzia haja ya mapinduzi ya kweli Afrika. The Nationalist, gazeti la TANU ambalo mhariri wake alikuwa Benjamin Mkapa, likamshambulia kwa tahariri kali. Kisha mwaka 1970 Cheche ikatoa toleo maalumu lenye makala ndefu ya Issa Shivji, wakati huo kijana wa miaka 24. Shivji aliuliza swali ambalo hakuna mbunge aliyeweza kuliuliza: baada ya mabenki na viwanda kutaifishwa mwaka 1967, nani hasa ameshika hatamu? Jibu lake lilikuwa kwamba si mfanyakazi wala mkulima. Limezaliwa tabaka jipya la wakubwa wa serikali na mashirika, na tabaka hilo bado limefungamana na makampuni ya nje.

Novemba 1970 USARF na Cheche vikapigwa marufuku kwa pamoja. Sababu mbili zilitolewa. Kwanza, Umoja wa Vijana wa TANU upo na unatosha. Pili, jina Cheche linanuka itikadi za kigeni, kwa kuwa Lenin naye alikuwa na gazeti lenye jina la maana hiyo. Vijana wakabadilisha jina wakaita MajiMaji, wakaendelea chini ya tawi la vijana la TANU. Ni ujanja mzuri, lakini ujumbe ulikwishafika.

Kama unadhani tatizo lilikuwa usomi wao, tutoke Dar kidogo, kwa sababu mfano unaofuata ni wa wakulima na hukumu yake ilitoka makao makuu ya chama. Kule Songea, kuanzia kijiji cha Litowa, wakulima walianzisha Chama cha Maendeleo ya Ruvuma. Kiongozi wao alikuwa Ntimbanjayo Millinga. Walilima pamoja, wakawa na shule yao na kinu chao, wakaamua mambo yao kwenye mikutano yao, na vijiji vikafika takriban 17. Hawa walikuwa wanafanya kile kile ambacho Mwalimu alikiandika, tena kwa hiari na kabla ya Azimio la Arusha. Mwalimu mwenyewe aliwapenda. Lakini Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama chao. Kuanzia sasa vijiji vya ujamaa ni kazi ya chama peke yake. Miaka michache baadaye tukaletewa Operesheni Vijiji, watu wakahamishwa kwa malori.

Sasa linganisheni na lililotokea Kariakoo. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, suruali za kubana na vitu kama hivyo, ianze rasmi Januari 1, 1969. Hata kabla ya tarehe kufika, makundi ya vijana yalikuwa yanawavamia wanawake kwenye kituo cha mabasi cha Kariakoo, hadi polisi wakaitwa. Polisi walituliza fujo, lakini operesheni yenyewe haikufutwa, ilianza kama ilivyopangwa. Kumbe basi ujamaa wa kupima urefu wa sketi ya dada anayetoka kazini ulikuwa na nafasi ndani ya chama, na ujamaa wa kuuliza nani anafaidi mabenki haukuwa nayo. Nadhani mlinganisho huo unatosha.

Wafanyakazi nao walijaribu tena. Februari 1971, wiki chache baada ya Idi Amin kumpindua Obote, TANU ilitoa Mwongozo, waraka ulioonya viongozi wasiwe wenye kiburi, wapenda anasa na wanyanyasaji. Wafanyakazi wa Dar waliusoma wakauelewa jinsi ulivyoandikwa. Migomo ikafuatana, na madai mengi hayakuwa mshahara, yalikuwa heshima: meneja anayetukana aondoke. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel wakaenda mbali zaidi, wakamfungia nje mwenye kiwanda na kukiendesha wenyewe. Safari hiyo serikali iliwaunga mkono. Wengine walipojaribu kuwaiga, dola ikaona sasa imezidi, ikawadhibiti. Shivji aliandika habari hizo kwenye kitabu chake cha mwaka 1976.

Juni 1974 ukafanyika Mlimani Mkutano wa Sita wa Umajumui wa Afrika. Ulikuwa mkutano mkubwa, wa kwanza wa aina yake kufanyika Afrika, lakini vikundi vya upinzani vya Karibi vilizuiwa kwa kuwa serikali za kwao hazikuvitaka, na C.L.R. James, mmoja wa wazee walioupigania mkutano huo, akagoma kuja. Babu wakati huo alikuwa kizuizini. Mwaka 1976 vyama vya ushirika vikafutwa. Mwaka 1978 NUTA ikageuka JUWATA, sasa jumuiya ya CCM waziwazi. Machi mwaka huo huo wanafunzi wa Mlimani waliandamana kuja mjini kupinga viongozi na wabunge kujiongezea mapato. Mamia walifukuzwa chuo.

Nijaribu kuwa mwadilifu. Mwalimu na wenzake hawakuwa na hofu za kujitungia. Jeshi lilikwishaasi 1964. Kambona, aliyekuwa kigogo wa TANU, alikimbilia Uingereza 1967. Mreno alikuwa ng'ambo ya Ruvuma, Kaburu nyuma yake, na bomu la Mondlane lililipuka hapa hapa. Mtu akiniambia kuwa katika hali ile umoja ulikuwa ngao, namwelewa. Nchi kadhaa jirani ziliungua na yetu haikuungua. Hilo ni jambo kubwa na sitaki kulidharau.

Lakini angalia bei tuliyolipa. Februari 1991 Halmashauri Kuu ya CCM ilikaa Zanzibar ikalegeza masharti ya uongozi ya Azimio la Arusha. Kiongozi ambaye tangu 1967 alikatazwa kuwa na mishahara miwili, hisa na nyumba za kupangisha, sasa akaruhusiwa. Ndiyo tunaita Azimio la Zanzibar. Jiulize: nani aliandamana? Nani aliitisha mgomo? Ushirika ulikwishafutwa na kurudishwa ukiwa dhaifu. Jumuiya ya wafanyakazi ilikuwa mali ya chama. Ruvuma ilikuwa kumbukumbu. USARF ilikuwa kumbukumbu, na mwenyekiti wake wa zamani alikuwa Ikulu ya Uganda akipokea masharti ya Benki ya Dunia. Zakia Meghji wa Cheche baadaye aliteuliwa Waziri wa Fedha, mwaka 2006, mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo nchini. Simlaumu, watu hubadilika na nchi hubadilika. Ninachosema ni kwamba hapakuwa na kikundi chochote kilichosimama chenyewe ambacho kingeweza kusema "ngojeni kwanza, tujadiliane." Waliovunja vikundi ili kuulinda ujamaa ndio walioukosesha watetezi siku ulipouzwa.

Mwaka 1992 vyama vingi vikarudi, lakini vingi vilikuja vikiwa vimechoka na neno lenyewe. Waliojaribu kulifufua ni wachache. ACT-Wazalendo walikwenda Tabora Juni 2015 wakatoa Azimio la Tabora, wakisema wanalihuisha lile la Arusha. Kwenye uchaguzi wa mwaka huo walipata mbunge mmoja wa kuchaguliwa.

Na hapa kuna jambo la kuchekesha kidogo. Fungua Katiba yetu, ibara ya 3. Bado inatamka kwamba hii ni nchi ya kijamaa. Soma, kisha panda hadi Kariakoo, pita Mtaa wa Kongo, mtazame mmachinga mwenye mtaji wa boksi moja la soksi amesimama mbele ya ghorofa la mtu asiyejulikana ni nani. Mwulize ujamaa upi unaosemwa kwenye ile ibara. Akishindwa kujibu usimcheke. Mabishano ambayo yangempa jibu yalifanyika mtaa wa pili kutoka pale alipo, na yalikatishwa katikati.

Mimi sidai kwamba Babu alikuwa sahihi, au Shivji, au makuli, au wakulima wa Litowa. Huenda kila mmoja angetupeleka shimoni kwa njia yake. Ninachodai ni kwamba walistahili kushindwa kwa hoja, mbele ya watu, na sisi tulistahili kusikia. Wenye kumbukumbu za enzi hizo, au wenye wazee nyumbani wanaozikumbuka, waulizeni mapema kabla hawajaondoka nazo. Swali la kuwauliza ni fupi tu: wewe, mzee wangu, ulikuwa unapigania ujamaa upi?